Majani ninayopanda ndani ya maji

WATU wanaoingia sebuleni kwangu hapa Rumonge wakaona tangi la kioo huniuliza swali moja: "Mwalimu, hawa samaki utawakaanga lini?" Hushangaa nikiwajibu kwamba ninachokitunza hasa si samaki, bali ni majani.

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, nikasoma kwa Kiswahili, na nilirejea Burundi mwaka 2009. Shamba la baba tulilikuta na familia nyingine. Baada ya usuluhishi tuligawana, na fungu langu likatosha nyumba na ua mdogo tu. Sina pa kupanda michikichi wala mihogo. Nina tangi la lita 100.

Lengo langu la kwanza ni kuona kitu kikishika mizizi. Kule Ulyankulu baba alilima mahindi na tumbaku, lakini mwembe hakupanda kamwe. Alisema miti ataipanda kwao. Alifariki kabla ya kurudi.

Majani yangu, ambayo wataalamu huyaita Vallisneria, huota yenyewe pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Ni marefu kama utepe. Ukiyahamisha, ya zamani huoza, na kwa wiki kadhaa utadhani yamekufa. Kisha machipukizi hutambaa mchangani na kutoa miche mipya. Ukiyang'oa kuangalia kama yameshika, unaanza upya.

Lengo la pili ni ualimu. Shule nyingi hazina maabara. Katika tangi, wanafunzi hujionea kwamba kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha majani. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, kwa hiyo samaki wengi wasitiwe siku ya kwanza.

Samaki nilionao ni Neolamprologus brichardi, wa ziwa hilohilo. Ulaya huuzwa kwa jina la Binti Mfalme wa Burundi. Watoto wakubwa hawaondoki mara moja, bali hubaki kuwalinda wadogo zao. Familia zilizotawanyika kama yetu huwatazama samaki hawa kwa muda mrefu.

Kwa wafanyabiashara mnaovuka Mugina na Manyovu, nina ombi moja. Msihamishe mimea ya maji kutoka ziwa moja hadi jingine, wala msimwage ya tangini ziwani. Gugumaji lililosumbua Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, na lililetwa Afrika kama pambo.

Anayetaka kuanza hahitaji mtaji mkubwa. Atafute kioo kizima, mchanga uliooshwa vizuri, na mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua kali mchana kutwa, la sivyo maji yatajaa mwani wa kijani. Zaidi ya yote awe na subira, jambo gumu kwetu tuliozoea kuishi huku mizigo imefungwa.

Mimi subira hiyo nimeipata. Mwaka 2019 nilipanda mwembe uani, na sasa watoto wangu wanakula maembe yake.