Rapu Ilivyotufikia Ndalambo

Vijana wa siku hizi hapa Ndalambo wanadhani muziki wa kizazi kipya ulianza na simu janja. Sisi tuliupata kwenye kanda zilizonakiliwa mara nyingi hadi sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Betri zikichoka tulizianika juani, tukazirudisha redioni tumalizie upande B.

Mwaka 1990 Marekani ilipagawa na Vanilla Ice. "Ice Ice Baby" yake ndiyo rapu ya kwanza kushika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100. Kwao hakuvuma muda mrefu. Huku kwetu Tanzania, Saleh Jabir aliuchukua mdundo uleule mwaka 1991 akauwekea mashairi ya Kiswahili, na watu wakaona kumbe inawezekana! Kwangu mimi hilo lilikuwa kubwa kuliko wimbo wenyewe. Suruali za mlegezo na kofia za kugeuzwa nyuma, tulizozichambua kwenye mitumba ya Tunduma, zilikuja na kupita.

Kisha akaja rapa Joseph Mbilinyi, Mr. II, wa Mbeya. Wakati huo hata sisi tulikuwa Mbeya, maana mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa 2016. Baadhi ya wazee wetu waliwaita marapa wote wahuni. Mwaka 2010 Mbilinyi akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mjomba wangu, aliyekuwa akinifokea nizime makelele ya Wamarekani, alinipigia simu kuuliza kama kanda ya Mr. II bado ninayo.