Galoni na Lita: Hesabu Impasayo Kila Mwenye Boti

Gati ya Mtangawanda, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate, ni mlango wa watu wa Pate na wengi wa Siyu waendao Lamu na warudio. Hapo hushushwa unga, saruji na mafuta ya mashine, na hapo vipimo vya namna tatu hukutana. Mzee ataja debe, kijana ataja lita, na kitabu kilichokuja pamoja na mashine ya boti chataja galoni. Wote watatu wasema kweli, ila hawasemi kiasi kimoja.

Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Boti itokayo Mtangawanda kwenda Lamu hupita Mkanda, mfereji mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa sana hapapitiki kwa urahisi. Nahodha aliyepungukiwa na petroli kabla ya kufika hapo huenda akangoja mpaka maji yajae tena, na ikiwa amechukua mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kungoja huko ni jambo kubwa. Basi yafaa tueleze hesabu yenyewe.

Zamani za ukoloni nchi ya Kenya ilifuata vipimo vya Kiingereza: painti, galoni, na debe la galoni nne, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 nchi iliviacha vipimo hivyo ikashika lita. Siku hizi mamlaka ya serikali inayosimamia petroli hutangaza bei kila mwezi, na bei hiyo hutajwa kwa lita tu. Lakini maneno hayafi upesi kama sheria. Debe lingali likitajwa, na wako watu waitao galoni chombo chochote cha plastiki chenye mkono, kiwe cha lita tano au cha lita ishirini. Mwenye kununua kwa jina la chombo bila kuuliza lita ngapi asistaajabu akipata pungufu. (Kibaba na pishi, vipimo vya wazee wetu, tuviache kando, kwa kuwa hivyo ni vya nafaka. Pishi moja ni vibaba vinne, na hapo hapana ugomvi.)

Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546. Hesabu ya namna hiyo haikai kichwani, wala hapana haja ikae. Lipo pipa ambalo kila mtu amelijua tangu zamani, lile la chuma la galoni 44. Pipa hilo huchukua lita 200. Gawanya pande zote mbili kwa nne, utapata galoni 11 kwa lita 50. Huu ndio ufunguo wa hesabu yote, na makosa yake ni madogo mno, hata kijiko cha chai kimoja na nusu hakifiki katika hizo lita 50.

Ukitaka kugeuza galoni kuwa lita, zidisha kwa 50, kisha gawanya kwa 11. Ukitaka kugeuza lita kuwa galoni, zidisha kwa 11, kisha gawanya kwa 50. Mtungi wa lita 20, kwa mfano: 20 mara 11 ni 220, gawanya kwa 50, ni galoni 4 na sehemu nne za kumi. Kwa hiyo mtungi wapita debe, maana debe la galoni nne ni lita 18 na kidogo. Mtu akibadilisha mitungi kumi kwa madebe kumi, akidhani ni mamoja, amepoteza lita 18, yaani karibu debe zima.

Hapa ndipo wengi wanapodhani wamekwisha kujua, kumbe hatari iko mbele. Galoni ni mbili. Waingereza walikuwa na galoni nyingi, moja ya mvinyo, nyingine ya pombe, nyingine ya nafaka, na mwaka 1824 Bunge lao likazifuta zote likaweka moja, ambayo ni kiasi cha maji yenye uzito wa ratili kumi. Marekani ilikuwa imekwisha kujitenga na Uingereza, nayo ikabaki na ile galoni ndogo ya mvinyo. Hiyo ni lita 3.785 tu. Njia nyepesi ya kukumbuka ni hii: galoni sita za Kiamerika ni sawa na galoni tano za Kiingereza, karibu kabisa.

Sasa tazama tangi la mashine lililoandikwa galoni 6. Likiwa la Kiamerika huchukua lita 22.7, lakini nahodha aliyefundishwa galoni ya Kiingereza atahesabu lita 27.3. Akichukua matangi mawili, atadhani ana lita 54 na nusu, na kweli anazo 45 na kidogo. Zimekosekana lita tisa. Ikiwa mashine yake hula lita 18 kwa saa, hiyo ni nusu saa ya safari ambayo imo katika hesabu na haimo katika tangi.

Kuna na jambo la oili. Mashine zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli mara nyingi huamriwa sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Kwa lita hesabu ni nyepesi: mtungi wa lita 20 ni mililita 20,000, gawanya kwa 50, oili ni mililita 400. Kitabu cha Kiamerika, lakini, hueleza kwa aunsi na galoni, na chaweza kuamuru aunsi 16 kwa galoni 6. Aunsi hizo 16 ni mililita 473. Mtu akizitia katika galoni sita za Kiingereza, amepunguza oili mpaka sehemu moja kwa karibu sehemu 58. Mashine haitasema neno siku ile. Itakwenda, itapata moto kupita kiasi, na mwisho pistoni hukwaruza au kushika kabisa. Fundi atalipwa, au mashine itatupwa. Kwa sababu hiyo maoni yetu ni kwamba mwenye mashine aache aunsi kabisa, apime petroli kwa lita na oili kwa mililita.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya watu wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, safari namba 143, iliishiwa mafuta ikiwa juu sana angani. Nchi ya Kanada ilikuwa ikihamia vipimo vya mita na lita, na ndege ile, aina ya Boeing 767, ilihesabiwa mafuta yake kwa kilo. Walipogeuza lita kuwa uzito walitumia 1.77, tarakimu ya ratili, badala ya 0.8 ya kilo. Ilihitaji kutiwa lita zipatazo 20,000. Ikatiwa chini ya 5,000. Rubani aliiteremsha bila mashine katika uwanja wa zamani wa jeshi la anga mahali paitwapo Gimli, na watu wote 69 wakasalimika. Boti, ingawa haianguki, huchukuliwa na mkondo.

Tugeukie maji ya kunywa, ambayo visiwani ni mali. Wenye majabia ya kuhifadhi maji ya mvua watafurahi kujua kwamba hapo lita ina urahisi ambao galoni haina. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja kamili. Jabia lenye sakafu ya kukingia ya mita 10 kwa 10, likipata mvua ya milimita 25, laweza kupokea lita 2,500, yaani mitungi 125, ukiacha yanayomwagika na kukauka. Na shimo la zamani lililopimwa kwa futi? Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Shimo la futi 10 kwa 10, kina futi 6, ni futi 600 za ujazo, nalo hubeba lita zikaribiazo 17,000.

Uzito nao ufikiriwe kabla ya kupakia. Lita ya maji ni kilo moja, basi mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Petroli ni nyepesi zaidi, yapata robo tatu ya kilo kwa lita, hivyo pipa zima la lita 200 ni kama kilo 150, bila kuhesabu chuma chake.

Asiyeamini maandishi ya tangi lake na alijaze maji likiwa jipya, kwa chombo cha lita moja alichokihakikisha, akitia alama ya rangi nje kila baada ya lita tano. Kisha alikaushe vizuri kabla ya kutia petroli.