Nani Bingwa wa Kusafirisha Data kwa Betri Ndogo?

Rekodi inayosifiwa zaidi ni ya umbali. Agosti 2017, redio ya masafa marefu aina ya LoRa iliyobebwa na puto huko Ulaya ilisikika kilomita 702 kutoka ilipokuwa, kwa nguvu ya miliwati 25 tu. Tangu hapo imeshavunjwa. Ila puto lilikuwa juu sana, bila mlima wala mti wa kulizuia. Kazi ngumu iko ardhini, ambako vifaa vingi havifikiani moja kwa moja na data hupita kwa kupokezana.

Kwa wingi, mradi wa ExScal ulitandaza vihisi takriban 1,000 Florida, Marekani, Desemba 2004. Ila kila kimoja kilitulia mahali pake.

Mlafi mkubwa wa betri je? Wengi hudhani ni kutuma. Chipu ya CC2420, iliyotumika sana katika vihisi vya miaka ile, hula miliampea 17.4 ikituma kwa nguvu zote na 18.8 ikisikiliza. Redio inayosubiri ujumbe usiokuja inamaliza betri bure, kwa hiyo mtandao bora ni ule unaojua kulala.

Taji langu naupa mradi wa ZebraNet, ambao vihisi vyake vilitembea. Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia wa Laikipia, Kenya, kola zenye GPS na paneli za sola. Mtandao wa simu haukuwepo. Punda milia wawili walipokaribiana, kola zao zilipeana kumbukumbu za mizunguko yao, hivyo mtafiti aliyemfikia mmoja kwa gari aliweza kuondoka na habari za wengine pia. Saa ya GPS iliziamsha redio zote kwa wakati mmoja, kisha zikalala tena.

Kabla ya hapo walilinganisha njia mbili kwa kompyuta: kumpa data kila unayekutana naye, au kumpa yule tu ambaye siku za karibuni amekuwa akifika kwa mtafiti mara nyingi. Ya kwanza ilikula nishati nyingi mno. Ya pili ndiyo ninayoiona fundisho kuu la fani hii, kwa sababu mnyama haambiwi apite wapi.

Vijana wetu mnaobuni kola za ng'ombe na tembo, msianze na kilomita. Anzeni kwa kuhesabu saa ambazo redio yenu italala.