Ganzi ya Vidole kwa Watumiaji wa Mashine Zinazotetema

Katika Kata ya Chanzuru, kama ilivyo kwingineko wilayani Kilosa, kazi nyingi zilizofanywa kwa jembe, panga na shoka sasa hufanywa kwa mashine. Pawatila hulima majaruba ya mpunga, msumeno wa mnyororo huangusha miti na kupasua magogo, mashine ya kufyekea husafisha mashamba, na fundi wa mageti hushinda na grainda mkononi. Kila mtu anafahamu kuwa msumeno unaweza kukata mguu. Madhara ya mtetemo wake hayafahamiki sana, kwa kuwa hayatoi damu na huja taratibu, baada ya miezi au miaka.

Mtetemo hupita kwenye mpini na kuingia viganjani, ukaumiza mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu ya vidole, pamoja na viungo vya mkono. Mwaka 1918, daktari Alice Hamilton wa Marekani aliwachunguza wakata mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Weupe huo ndio dalili inayotajwa zaidi hadi leo.

Hapa kwetu dalili hiyo inaweza kutupotosha. Weupe huchochewa na baridi, na katika nchi za joto watumiaji wa mashine hizi wamekutwa na ganzi bila vidole kubadilika rangi. Hivyo mtu wa Chanzuru anaweza kusubiri weupe usiokuja, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Dalili za kuangalia ni ganzi au hisia ya kuchomwachomwa inayobaki baada ya mashine kuzimwa, kuamka usiku kwa ganzi ya mikono, kushindwa kufunga vifungo vya shati au kuokota sarafu, na kupungua kwa nguvu ya kushika. Ganzi ikigunduliwa mapema na kazi ikapunguzwa, hali huweza kutengemaa. Ikikomaa, huenda isiondoke tena.

Kinga kubwa ni kupunguza muda. Katika hesabu zinazotumika barani Ulaya, mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda wa kuushika hupungua hadi robo: mashine inayokubalika kwa saa 8 ikianza kutetema mara mbili zaidi, inakubalika kwa saa 2 tu. Ndiyo maana mnyororo butu, kisu cha kufyekea kilichopinda au raba za mpini zilizochakaa si mambo ya kuahirisha hadi msimu uishe. Noa mnyororo, badilisha raba, kaza nati. Wawili wakipokezana mashine moja, kila mmoja hupumzisha mikono. Shika mpini kwa nguvu inayotosha kuimudu mashine, wala usiikandamize. Chombo chenye makali hukata chenyewe. Asubuhi za Juni na Julai, pasha mikono joto kabla ya kuanza. Sigara nayo hubana mishipa ya damu. Glavu za kawaida ni muhimu dhidi ya michubuko na baridi, ila zisikupe imani kwamba zimezuia mtetemo. Kwa sehemu kubwa hazizuii.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na OSHA ndiyo inayoisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hushughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi, na mchango wake hulipwa na mwajiri bila kukatwa kwenye mshahara. Aliyejiajiri kwa msumeno wake hana mwajiri wa kumchangia. Mikono yake ikishindwa, kipato cha familia nzima hutetereka, naye ndiye tunayemkumbuka zaidi tunapoandika haya.

Mwenye dalili hizi afike zahanati au kituo cha afya mapema, na amweleze mhudumu ni mashine gani anatumia, kwa saa ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi. Ganzi ya mikono husababishwa pia na kisukari na maradhi mengine, na bila maelezo hayo si rahisi kwa mhudumu kuifikiria mashine.