DT, XL na Hewa ya Toronto

Waliokulia Tanzania au Kenya miaka ya themanini wanazijua Yamaha DT na Honda XL bila kuonyeshwa picha. Bwana shamba alifika kijijini na pikipiki ya aina hiyo, na padri alikuwa na yake parokiani. Ndiyo maana Mswahili wa Regent Park, pale mashariki ya katikati ya jiji la Toronto, akiikuta moja inauzwa Ontario, mkono hukimbilia mfukoni. Simlaumu hata kidogo. Ila kabla hajalipa, aijue injini yake.

Yamaha ilitoa DT-1 mwaka 1968: silinda moja, sisi 250, mipigo miwili. Ilikuwa nyepesi, imara porini, na bado ilikuwa na taa za kuiruhusu barabarani. Honda ikajibu mwaka 1972 kwa XL250 ya mipigo minne, yenye valvu nne kwenye silinda moja, jambo geni kwa pikipiki ya bei ya mtu wa kawaida. Yamaha nayo ikaleta XT500, na ndiyo aliyoipanda Mfaransa Cyril Neveu aliposhinda mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar, mwaka 1979.

Katika mipigo miwili, kila pistoni inaposhuka kuna nguvu. Hakuna valvu za kufunguka na kufungika kichwani. Pistoni yenyewe inafunua na kuziba matundu ya silinda. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupitia kwanza kwenye chumba cha kranki, kwa hiyo oili ya kulainisha lazima iandamane nao na kuungua. Yamaha ilirahisisha kazi kwa pampu iitwayo Autolube, inayovuta oili kutoka tangi lake dogo. Tangi hilo likikauka, pistoni inashika ukutani na injini inanoki papo hapo. XL hubeba oili yake chini, huizungusha tena na tena, na humsamehe zaidi mwenye kusahau.

Sasa tuje kwenye hewa, jambo ambalo wengi hawalipi uzito. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Regent Park haifiki mita 100. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na kabureta haina akili ya kulitambua hilo. Jeti yake ina tundu la kipimo kimoja, basi. Ukiinunua XL Ontario na kuisafirisha nyumbani, itakunywa petroli kupita kiasi, itatoa moshi mweusi na kuchoka mlimani. Punguza jeti kuu saizi moja au mbili, kimbiza kidogo, kisha fungua plagi uisome. Ncha ya rangi ya kahawia ni afya. Masizi meusi maana yake petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, simama: hewa imezidi, na kwenye mipigo miwili hali hiyo hutoboa pistoni.

Ukibaki nayo Toronto, adui ni majira ya baridi. Petroli ya kawaida ya Ontario huchanganywa na ethanoli, ambayo hunyonya unyevu. Ikikaa miezi kwenye bakuli la kabureta, huacha utando wa kijani na gundi, na tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita. Wengi wakifika masika wanapiga kiki hadi mguu unauma, kisha wanapasua injini isiyo na kosa. Kabla ya theluji, legeza skrubu ya chini ya bakuli, petroli yote itoke. Ni kazi ya dakika chache. Uifanyie nje, kamwe si ndani ya fleti wala kwenye maegesho ya chini ya ghorofa.

Barabara ya Dundas, inayopita Regent Park, ina reli za tramu, na mvua ikinyesha chuma huteleza vibaya. Zikate kwa pembe pana. Pia namba za gari la kihistoria, ambazo Ontario hutoa kwa chombo kilichofikisha miaka 30, ni za maonyesho na misafara ya klabu, si za kwendea kazini kila siku.

Kwa mtu wa kuitumia mjini, nampa XL. DT mwachie aliye tayari kulichungulia tangi la oili kila anapotia petroli.