Vali Inayojizuia Yenyewe
Katika amplifaya ya gita, baina ya kathodi ya vali na ardhi, huwekwa rezista ndogo, aghalabu ya omu 1,500. Ishara inapopandisha volteji ya gridi, mkondo huongezeka. Volteji ya kathodi nayo hupanda, ikipunguza ishara iliyopo baina yake na gridi. Huo ndio mrejesho hasi wa ndani ya hatua moja. Vali ya 12AX7, yenye rezista ya anodi ya omu 100,000, hukuza ishara takriban mara 32, kwa upotofu mdogo. Tukiunganisha kapasita ya mikrofaradi 25 sambamba na rezista ya kathodi, mrejesho hutoweka, na ukuzaji hukaribia mara 60. Marshall wa Uingereza walitumia pia mikrofaradi 0.68 kwa omu 2,700: sauti nyembamba hukuzwa kuliko nzito. Katika redio ningeiita kasoro. Gita hupata makali.