Tapeti Iliyonyamaza

Dereva wa bodaboda akisikia injini inagonga huko juu kwenye hedi, hukimbilia kijiweni kwa fundi. Fundi anafungua vifuniko, analegeza nati, anakaza skrubu kidogo, anawasha na kutega sikio. Mlio umekwisha. Mteja analipa na kuondoka ameridhika. Mimi ningeondoka na wasiwasi, maana tapeti inayolia ina nafuu kuliko iliyobanwa mpaka ikanyamaza.

Kinachorekebishwa pale ni upenyo kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu. Kwenye Honda CG125, injini iliyotoka mwaka 1976 na kuigwa na pikipiki nyingi za Kichina zinazotembea kwetu, upenyo huo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Karatasi ya kuchapia ni nene kuliko hapo. Umeachwa kwa sababu vyuma vikipata moto hurefuka, wala havirefuki sawasawa. Pasipo upenyo, roka huendelea kuikandamiza valvu hata pale inapotakiwa kufunga, nayo haikai vizuri kwenye siti yake.

Anayeumia zaidi ni valvu ya ekzosi. Inapitiwa na gesi zenye joto la mamia ya nyuzi, na sehemu kubwa ya joto lake hulitua pale inapogusa siti. Muda wenyewe wa kugusa ni mfupi mno: injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Ikishindwa kufunga sawasawa, joto linakosa njia ya kutokea, na wakati huohuo moto unapenya kwenye ukingo ulioachwa wazi. Ukingo unaungua, mwishowe unamegeka. Kabla ya hapo utaona kiki imekuwa nyepesi mguuni kwa sababu kompresheni inavuja, pikipiki inawaka kwa shida, sailensa haitulii, na mlimani nguvu hakuna. Muda wote huo tapeti haijatoa sauti.

Iliyolegea ina hasara zake. Kemu inaanza kusukuma, lakini sehemu ya mwanzo ya msukumo inaishia kwenye upenyo. Valvu inachelewa kufunguka, inawahi kufunga na haifunguki kikamilifu, hivyo silinda inavuta hewa na petroli kidogo. Mwendo wa pole huwezi kugundua. Utagundua kwenye mwinuko ukiwa umepakia mishikaki, ambayo trafiki naye ataigundua. Roka nayo inagonga badala ya kusukuma: ncha ya skrubu inachimbika, uso wa kemu unakwanguka. Shimo hilo la kwenye ncha huwachanganya mafundi wengi. Fila geji ni bapa la chuma, hivyo linalala juu ya shimo bila kuingia ndani yake. Kipimo kinaonekana sahihi, injini bado inagonga, na fundi anakata tamaa anaanza kukaza kwa sikio. Dawa yake ni kubadilisha skrubu, au roka nzima.

Upenyo haukai palepale hata usipoguswa. Roka na kemu zikilika, unaongezeka. Siti ikilika, valvu inazama ndani ya hedi, mkia wake unapanda na upenyo unapungua. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa ikilia, kisha ikanyamaza bila kupelekwa kwa fundi, haijapona. Wenye bajaji na magari yaliyofungiwa mfumo wa gesi asilia wawe macho zaidi, kwa kuwa gesi ni kavu na siti hulika haraka kuliko kwenye petroli. Magari mengine yana tapeti za haidroliki zinazojirekebisha kwa oili. Ukitozwa fedha za kuseti tapeti za namna hiyo, umepigwa.

Kazi yenyewe si kubwa. Zungusha injini mpaka alama ya T kwenye flaiwili ikae mahali pake, kisha tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zote ziwe na mchezo kidogo. Zikiwa zimebana, huenda pistoni iko juu kwenye mpigo wa kutoa moshi, kwa hiyo zungusha tena mzunguko mmoja kamili. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isiteleze wala isilazimishwe. Shikilia skrubu wakati unakaza nati, halafu pima upya, kwa sababu nati ina tabia ya kuivuta skrubu inapokaza. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa sana.

Kumbuka pia kwamba ile 0.08 ni ya injini baridi. Ukifika kwa fundi jioni umetoka kupiga trip, mwachie pikipiki ilale kwake, aifungue asubuhi kabla hajaiwasha.